Chururu si Ndo Ndo Ndo: Mwongozo Kamili wa Maneno ya Milio na Maana Yalizozaa

Ipo methali ya Kiswahili isiyo na mtu, isiyo na mnyama, isiyo na hata chombo. Ina milio miwili tu: "Chururu si ndo ndo ndo." Mlio wa kwanza ni wa maji yanayochuruzika bila kukatika. Wa pili ni wa matone yanayodondoka moja moja. Aliyelelewa na lugha hii haelezwi zaidi. Anaelewa kwamba kidogo kisichokatika hakilingani na kidogo cha kubahatisha, na kwamba mwenye kibarua cha kila siku, hata ujira ukiwa mdogo, hayuko sawa na anayesubiri riziki ya mara moja moja.

Nimehariri hadithi na habari za Kiswahili kwa miaka mingi, na kosa linaloniuma kuliko yote halihusu sarufi. Ni pale mwandishi anapotumia neno lenye mlio ndani yake huku yeye mwenyewe hausikii. Anaandika kwamba timu "imeshinda kwa kishindo" na matokeo ni bao moja kwa bila. Anaandika kwamba wizara "imepata kigugumizi" wakati wizara imekataa waziwazi, kwa barua na muhuri. Neno la mlio linapohamia maana ya pili huwa halihami na mzigo wote. Linachukua kitu kimoja kutoka kwenye sauti: uzito wake, au mfululizo wake, au kuenea kwake, au kukwama kwake. Ukikijua hicho kilichohama, utajua mahali neno linapokaa na mahali linapokataa. Hatua zifuatazo ndizo ninazotumia mwenyewe.

Hatua ya kwanza: sikia kabla hujaandika

Chukua daftari dogo, au simu kama ndiyo daftari lako, na kwa wiki nzima andika kila neno unalosikia likiiga sauti. Usianze na zile orodha za tanakali za sauti ambazo wanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani. Zina faida yake, lakini zinamzoesha mtoto kuamini kwamba "chubwi" ni jibu la swali, wakati chubwi ni jambo linalotokea mtoni. Nenda jikoni. Mafuta yakishapata moto na kitunguu kikaingia, watu wa kwenu husemaje? Nenda sokoni, kituo cha basi, uwanja wa mpira, ufukweni wakati wa bamvua.

Kila unapoandika, andika mambo matatu: mlio, kitendo, na kitu kilichogusana na kingine. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, nalo ndilo lenye hazina. Mtu huyo huyo akianguka, Kiswahili hakimpi sauti moja. Majini huanguka chubwi, mchangani huanguka tifu, sakafuni huanguka pu. Tofauti haitokani na aliyeanguka. Inatokana na kilichompokea. Ndiyo maana "tifu" iliweza kwenda mbali: mchanga unaopokea mguu bila ubishi ukawapa wakulima na walimu wa kilimo jina la udongo tifutifu, na jembe likaanza kutifua. Hapo hakuna anayeanguka tena. Kilichobaki ni ulaini wa kile kilichopokea.

Nilikuwa mtoto Tanga nikiijua chubwi kama sauti tu, mpaka siku mjomba wangu mvuvi aliponiambia, "Mwanangu, hebu nipe chubwi moja humo kikapuni." Nilisimama nimeduwaa. Mtu anapewaje sauti? Kumbe chubwi ni risasi, ule uzito mdogo unaofungwa kwenye mshipi ili ndoano izame. Kitu kilikuwa kimepewa jina la mlio kinaoutoa kinapoingia majini. Tangu siku hiyo sijaweza kusoma neno hilo bila kuona mkono wa mjomba ukining'inia ubavuni mwa ngalawa.

Ukiwa na maneno thelathini au arobaini, yasome kwa sauti na usikilize herufi zake. Zile za bw na pw hupenda maji na vitu vizito vilaini: bwaga, chubwi, bubujika karibu nazo. Zile za ch na k hupenda ukavu na mkwaruzo: kacha, chakacha, kwaruza. F na fy ni za pumzi na mfyatuko: fyonza, fyatua, foka. Ng' hupita puani, na ndiyo sababu imejaa kwenye maneno ya sauti iliyozuiwa: nong'ona, nung'unika. Usiifanye kuwa sheria. Ifanye kuwa mazoezi ya sikio.

Hatua ya pili: tenga mafungu matatu

Fungu la kwanza ni milio mitupu. Hii haina viambishi, haina wakati, haikanushwi. Husimama mwisho wa sentensi na kumaliza kazi: amelala fofofo, umati ukanyamaza jii, mlango ukafungwa ndi, tawi likakatika kacha.

Fungu la pili ni milio iliyovaa nguo za sarufi ikawa vitenzi na nomino: kunguruma na mngurumo, kutiririka na mtiririko, kugugumia na kigugumizi, kuvuma na uvumi. Ndani yake weka pia maneno yanayotaja sauti, kama kuwika na kishindo, hata kama hayaigi kila kitu, kwa sababu safari ya maana zake ni ile ile. Fungu hili ndilo lenye maana nyingi za pili, kwa sababu neno likishapata viambishi linaweza kupewa mtu yeyote kama mtenda, na likishapewa watenda wapya maana huanza kutanuka.

Fungu la tatu huwashangaza wengi. Ni maneno yenye sura ya mlio ambayo hayaigi sauti yoyote: nyeupe pe, nyeusi ti, giza totoro. Weupe haulii. Hata hivyo sikio la Mswahili linakubali kwamba "pe" ni nyeupe na "ti" ni nyeusi. Mtaalamu wa lugha za Kibantu Clement Doke, alipokuwa akipanga istilahi zake mwaka 1935, aliyaweka maneno ya namna hii yote katika kundi moja, yanayoiga sauti na yanayochora rangi, namna au hali, na kueleza kuwa ni picha hai ya wazo iliyochorwa kwa sauti. Nakubaliana naye, lakini kwa kazi yetu yatenge, kwa kuwa hayana mlio wa kufuatilia.

Hatua ya tatu: ondoa yanayodanganya

Kurudiwa kwa neno si ushahidi wa sauti. Polepole haliigi chochote. Chukua vyombo vyetu vya usafiri. Pikipiki ni mlio kweli kweli, ile injini ndogo ikikohoa asubuhi. Bodaboda ni jambo jingine kabisa: lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, waendesha baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka wakilirudia mara mbili. Daladala nalo linatokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, iliyokuwa nauli. Maneno matatu yana umbo moja na yote yanapiga kelele barabarani, lakini ni moja tu lililotoka kwenye sauti.

Mtego wa pili ni maneno yanayofanana kwa maandishi. Kuku hutetea, te te te te, akitaka kutaga au akishataga. Wakili naye humtetea mteja wake. Nimewahi kusikia mtu akieleza kwa ufasaha mkubwa jinsi wakili anavyofanana na kuku anayelinda mayai yake. Maelezo yalikuwa matamu, ila hayakuwa ya kweli. Neno la wakili linatokana na kuteta, yaani kubishana, likaongezewa kiambishi cha kumfanyia mtu: kuteta kwa ajili yake. Kuku hahusiki.

Mtego wa tatu ni maneno yaliyotoka lugha jirani. Kung'atuka huonekana kama kuachia ulichokuwa umeking'ata, na ng' ile inalifanya liwe na ladha ya meno. Lakini ni neno la Kizanaki, lugha ya kwao Mwalimu Nyerere, na ndiye aliyelileta katika siasa alipokuwa akiachia urais mwaka 1985, akimaanisha mzee anayewapisha wadogo kwa hiari. Ukilichukua kama neno la kung'ata, utamfanya anayeondoka aonekane aliyelazimishwa kufumbua meno, na hapo umeigeuza maana juu chini.

Jaribio langu ni rahisi. Toa mlio kwa mdomo wako mbele ya mtu asiyejua unachotafuta, umuulize ni nini kinalia. Kisha fungua kamusi uone mzizi. Sikio peke yake halitoshi, na kamusi peke yake haisikii.

Hatua ya nne: uliza kilichohama ni nini

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae.

Anza na kishindo. Ni sauti ya kitu kizito kinachotua mara moja, mnazi ukianguka, gunia likishushwa, na ardhi ikahisi. Kilichohama ni uzito pamoja na ule mshtuko wa mara moja. Kwa hiyo ushindi wa kishindo lazima uwe mzito kiasi cha kutikisa. Asilimia 80.28 ya kura za urais alizopata Jakaya Kikwete mwaka 2005 zinabeba neno hilo bila taabu. Asilimia 51 hazilibebi, hata kama mshindi ana furaha kiasi gani. Na kwa sababu kishindo ni cha mara moja, ushindi uliojengwa taratibu, kata kwa kata kwa miaka kumi, haupendezi kuitwa hivyo. Kurejea kwa kishindo kunafaa kwa msanii aliyenyamaza akatokea ghafla. Hakumfai yule ambaye hakuwahi kuondoka.

Jirani yake ni kubwaga. Sauti yake ni bwa, mzigo ukitoka kichwani kwenda chini bila kushikiliwa. Kilichohama hapa ni kuachia, uzito ukiwa wa pili. Ndipo lugha ikapata matawi matatu. Kubwaga moyo ni kutulia, kama aliyeshusha mzigo wa mawazo. Kumbwaga mpinzani ni kumtupa chini, na linatoka kwenye mieleka kwenda kwenye sanduku la kura. Halafu kuna kubwaga manyanga. Manyanga ni vibuyu vyenye mbegu ndani, vinavyotikiswa kwenye ngoma na mikononi mwa waganga. Anayeyabwaga ni yule aliyekuwa akiyachezesha, na mlio wake unapokoma uwanja mzima unajua kwamba mchezo kwake umekwisha. Kwa hiyo msemo huu unamtaka mtu aliyekuwa tayari uwanjani. Kocha hubwaga manyanga. Mgombea aliyeanza kampeni hubwaga manyanga. Aliyeombwa kugombea akakataa hana manyanga ya kubwaga.

Sasa kuvuma na kuwika, ndugu wawili ambao waandishi wa habari za burudani huwachanganya kila wiki. Yote mawili yanasema mtu amejulikana, ila kwa njia tofauti. Kuvuma ni sauti ya upepo, ya nyuki, ya ngoma ya mbali: imeenea kote, lakini huwezi kunyoosha kidole ukasema inatoka pale. Kilichohama ni kuenea bila chanzo kuonekana. Ndiyo sababu kutoka kitenzi hicho hicho tukapata uvumi, habari isiyo na mwenyewe. Ndiyo sababu pia kuvuma kuna hatari ndani yake: ngoma ikivuma sana hupasuka, na debe tupu haliachi kuvuma. Jina linaweza kuvuma kwa wema au kwa ubaya, na linaweza kuvuma bila kuwa na kitu ndani.

Kuwika ni sauti ya jogoo mmoja, amesimama mahali pa juu, saa inajulikana, na kila mtu anajua ni wa nani. Kilichohama ni kutokeza. Aliyewika aliwika mahali fulani na wakati fulani, na sikiliza jinsi tunavyolitumia: karibu kila mara tunasema "aliwika miaka ya 1980", "waliwika enzi hizo". Alfajiri ina mwisho. Methali nazo zinalitazama neno hili kwa mizani hiyo hiyo ya mahali na wakati. Jogoo wa shamba hawiki mjini: mahali. Likiwika lisiwike, kutakucha: wakati, tena wakati usiomngoja mtu yeyote. Kwa hiyo, bondia aliyeshika mkanda kwa miaka mitano aliwika. Wimbo unaosikika kila kona ya mji leo unavuma. Ukibadilisha, msomaji ataelewa, ila atahisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Kigugumizi kinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu wapo watu wanaoishi nacho kila siku na si jambo la kuchezea. Mzizi wake uko karibu na kugugumia, maji yakipita kooni gu gu gu. Kilichohama ni kukwama: maneno yapo, mdomo upo, lakini njia imebana. Magazeti husema serikali au chama kimepata kigugumizi, na wanasema sawa pale ambapo mhusika ana wajibu wa kusema, anajua la kusema, na bado hasemi. Asiyejua hana kigugumizi. Aliyekataa hana kigugumizi. Aliyenyamaza kwa sababu hajaulizwa hana kigugumizi.

Kukwaruza ni kitu kigumu kikipita juu ya kingine, kwa mfano sufuria juu ya sakafu ya saruji. Kikipewa kiambishi cha kutendana kikawa kukwaruzana, tukapata mikwaruzano: ugomvi mdogo wa wanaoishi karibu mno. Ukaribu ndio uliohama. Majirani hukwaruzana, mke na mume hukwaruzana, vyama vilivyoungana hukwaruzana. Majeshi mawili yanayorushiana mizinga hayakwaruzani.

Kufurukuta nalipenda kwa namna ya pekee. Sikiliza: furu, kama panya ndani ya gunia au ndege chini ya tenga. Kuna anayejitahidi na kuna kinachomfunika. Watangazaji wa mpira husema timu ilishindwa kufurukuta ugenini, na wako sahihi kabisa ikiwa wenyeji waliwabana mwanzo hadi mwisho. Ikiwa timu ilicheza wazi, ikapata nafasi kumi na kuzikosa zote, haikushindwa kufurukuta. Ilishindwa kufunga.

Mengine niyapitie haraka. Mtiririko ni mfululizo wa maji uliohamia kwenye mawazo, na walimu huutafuta katika insha. Mchakamchaka ni vishindo vya miguu ya wanafunzi wakikimbia asubuhi kwa nyimbo katika shule za Tanzania, sasa ni mbio zozote za wengi kwa pamoja, hasa za uchaguzi. Kipyenga cha mwamuzi hupulizwa hata pale pasipo na uwanja, kumaanisha kinyang'anyiro kimeanza. Kukurukakara ni purukushani ya miguu na mikono, na leo tunazungumzia kukurukakara za maisha. Na michirizi: maji yakichirizika kutoka paani huacha mistari ukutani, neno likahamia kwenye mistari ya ngozi ambayo kina mama wengi huijua baada ya kujifungua. Hapa sauti imetoweka kabisa na kilichobaki ni alama maji yaliyoiacha. Inatokea pia hivyo.

Hatua ya tano: pima heshima

Ukimpa mtu sauti ya mnyama, umempa na cheo cha mnyama huyo. Kuwika na kunguruma ni sifa, kwa sababu jogoo na simba wana nafasi ya juu katika hadithi zetu. Kiongozi "akinguruma" jukwaani, mwandishi amemvika manyoya ya simba, na ni juu yako kuamua kama hotuba ilistahili, maana simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kubweka, kwa upande mwingine, ni tusi, na halitakaswi na muktadha wowote ninaoujua. Kumwita mtu chiriku ni kumwambia ana maneno mengi kama ndege huyo mdogo asiyenyamaza. Huenda akacheka akiwa rafiki, hatacheka akiwa mkwe.

Sauti za mdomo wa binadamu nazo zina ngazi, na ngazi hiyo ni ya kufunguka kwa mdomo. Kuguna ni mdomo uliofungwa, mh moja tu, na tayari mzee amekataa posa. Kunong'ona ni midomo kukaribia sikio. Minong'ono ikizidi huwa habari kabla ya habari. Kunung'unika hupita puani, hakumlengi mtu usoni. Kubwabwaja ni mdomo wazi usio na mpangilio. Kufoka ni maji yaliyochemka yakainua mfuniko. Mwandishi anayeandika kwamba wananchi "wananung'unika" anasema hawajapata pa kusemea. Akiandika "wanafoka" anasema mfuniko umeinuka. Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti inayoweza kumpotosha msomaji kuhusu hali halisi ya mtaa mzima, na kwa hilo sioni udhuru wa haraka ya chumba cha habari.

Lugha ya adabu nayo ina lake. Kusonya, ule mfyonzo wa mate na meno, ni sauti ambayo watoto wengi wa pwani wamechapwa kwayo. Ukimwandikia mhusika wako akimsonya mama mkwe, umeandika kisa kizima kwa neno moja. Usilitumie kama pambo.

Hatua ya sita: fuata milio mipya

Maneno haya hayajaacha kuzaliwa. Simu za mkononi zilipoenea, na salio likiwa ghali, tukapata kubipu: simu inalia mara moja na kukatwa ili mwenzako apige yeye. Ni mlio wa kigeni uliovaa kanzu yetu. Maana ya pili haikuchelewa. "Usinibipu" sasa huambiwa mtu anayechokoza bila nia ya kuendelea, na kilichohama ni kule kugusa na kukimbia.

Linganisha na kubofya. Lugha nyingine nyingi zilipotaka neno la kuchagua kitu kwenye kompyuta zilichukua mlio wa kitufe. Sisi tulichukua kidole cha mnunuzi wa maembe, yule anayebonyeza tunda kuona kama limeiva. Nadhani tulichagua vizuri zaidi: skrini za leo hazilii tena, lakini bado zinabofywa.

Unapokutana na mlio mpya, uandike na tarehe, mahali, na nani kasema. Kamusi zitakuja baadaye.

Hatua ya saba: andika, kisha chuja

Unapoandika hadithi, weka mlio mtupu mmoja kwa tukio. "Akaanguka chubwi" inatosha. Ukiongeza "maji yakaruka chwaa, akapiga kelele mamaa, samaki wakatawanyika fyuu" msomaji ameacha kuona mto anasikia debe. Usirefushe herufi bila sababu. "Jii" ina i mbili kwa kuwa kimya kina urefu, ila "jiiiiii" ni mchezo wa mtu mzima. Idadi ya marudio nayo ina maana: ndo ni tone moja, ndo ndo ndo ni bomba bovu, chururu ni mkondo. Ukiandika ndo moja, nitasubiri jambo litokee baada yake.

Kwa habari na makala, fanya hivi: zungushia kila neno la mlio lenye maana ya pili, andika pembeni ni sauti gani, ni nini kimehama, kisha uliza kama kilichohama kipo kwenye tukio lako. Nimetunga aya hii kwa kuunganisha makosa ya aina ninayokutana nayo:

"Mgombea huyo alishinda kwa kishindo kwa tofauti ya kura 14, huku wanasiasa watatu ambao hawakuwahi kuchukua fomu wakibwaga manyanga. Uvumi wake umeenea mkoa mzima kutokana na shule aliyoijenga, na tume ilipata kigugumizi ilipoyakataa malalamiko ya wapinzani."

Kura 14 hazitikisi ardhi: kishindo kinatoka. Wanasiasa watatu hawakuwa uwanjani: manyanga yanatoka. Uvumi ni habari isiyo na mwenyewe, na hapa shule ipo na aliyeijenga anajulikana; kilichokusudiwa ni jina kuvuma, na kwa kuwa limeenea mkoa mzima, kitenzi hicho kinastahili. Tume ilikataa, haikukwama: kigugumizi kinatoka. Aya inabaki hivi:

"Mgombea huyo alishinda kwa tofauti ya kura 14. Wanasiasa watatu waliotajwa awali hawakuchukua fomu. Jina lake limevuma mkoa mzima kutokana na shule aliyoijenga. Tume iliyakataa malalamiko ya wapinzani."

Imepungua kelele, na sasa kuvuma kunasikika. Chukua aya yako ya jana uifanyie hivyo hivyo, kwa kalamu, huku ukiisoma kwa sauti.